Oili ya Gari la Baba

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini zitakukuta mzima wa afya pamoja na wifi na watoto, na kwamba ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi huku tunashukuru, tupo. Mama hajambo isipokuwa magoti, na nakuomba ulishike hilo neno la magoti kwa sababu nitalirudia. Mimi mwenyewe ni mzima, ila kucha zangu si zangu tena. Zimeingia oili nyeusi isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na wanafunzi wangu wameanza kuniita Mwalimu Gereji. Wanadhani sisikii.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua kama mtu wa zamani wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi, Kaka. Nikifungua mdomo kusema jambo la maana, unanikatiza kuuliza kijiti cha oili kinasomaje. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa jirani yako anayerudi huko akuwekee mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone umeifungua.

Basi tuanze na hilo gari. Uliponiambia kwamba umemwahidi rafiki yako pikapu ya marehemu Baba, na kwamba kazi yangu ni kwenda kwa Mama mwisho wa wiki, nimwite fundi, abadilishe oili, gari liwake, nilikuamini. Uliniambia ni kazi ya asubuhi moja. Nilivaa hata viatu vyangu vizuri. Kaka, hivyo viatu sasa navaa kwenda bafuni.

Unajua lilivyokuwa. Tangu Baba alipolisukuma kwenye kile kibanda nyuma ya jiko na kulifunika, hakuna aliyeligusa. Fundi niliyempata wanamwita Kiraka, kwa ajili ya ile ovaroli yake ambayo kitambaa chake cha mwanzo hakionekani tena. Ni mtu wa maneno machache, na nusu ya hayo machache ni miguno. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka kimeganda kama kijiko kilichosahaulika kwenye asali. Alipofungua ile nati ya chini, yakatangulia kutoka maji, kisha oili nyeusi nzito ikafuata kwa kujivuta. Nikashtuka. Yeye akaguna, akatueleza mimi na Mama kwamba gari likilala muda mrefu hutoa jasho ndani, na jasho hilo hushuka chini ya oili. Akasema si ajabu, ila maadamu oili ina maji, gari haliwezi kwenda popote. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani anayoifuta. Nakumbuka aliifuta ile sahani kwa muda mrefu sana.

Tukatia oili mpya na filta mpya. Kiraka akafungua plagi, akadondoshea oili kidogo kwenye silinda, akazungusha injini kwa mkono mpaka ikalegea. Ilipowaka ilitoa moshi ukajaa uani, nguo zote kwenye kamba zikanuka, lakini ile taa nyekundu ya oili ikazimika na injini ikatulia. Nilipiga vigelegele. Nilikupigia simu ukiwa kazini, nawe ukashangilia mpaka wenzako wakakuuliza kama umepata mtoto mwingine. Nikajua nimemaliza. Nikamuaga Mama, nikarudi kwangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuja tu kulikabidhi. Kiraka akaliwasha, akaliacha lingurume kidogo, akachomoa kijiti. Oili imekuwa chai ya maziwa. Nilitazama ile rangi nikadhani macho yananidanganya. Wewe kwenye simu hukusita hata kidogo. Ukasema ni gasketi ya silinda hedi, maji ya rejeta yanavuja kuingia kwenye oili. Kiraka akasema haiwezekani kwa sababu maji ya rejeta hayajapungua hata tone. Ukasema afungue. Akasema hakuna haja. Ukasema tena afungue, na mimi nikiwa katikati nimeshika simu kama mkalimani wa watu wawili wanaojua lugha moja. Mwisho akafungua, shingo upande. Gasketi ilikuwa nzima kabisa. Akaninyooshea ili nami niione.

Tukafunga upya, tukasafisha, tukatia oili nyingine. Wiki ikapita. Maji tena. Safari hii ukasema bloku ya injini imepata ufa. Kiraka akaguna mguno mrefu kuliko yote, akamwaga maji yote ya rejeta na kutia yale ya kijani ya dukani, ili yakivuja tuyajue kwa rangi, akasema tuliache bila kuliwasha. Jumamosi nyingine akafungua nati ya chini polepole, na kilichotangulia kutoka kilikuwa maji meupe, safi, ya kunyweka. Hayakuwa ya kijani. Akayasugua kwenye vidole, akayanusa, akasema maji hayo hayakutoka ndani ya gari. Kisha akatazama juu, kwenye bati.

Kwa hiyo mdogo wako, mwalimu wa watu, nikapanda ngazi. Nikaziba kila tundu la bati kwa lami, nikatandika turubai juu ya boneti, nikalifunga kamba kila pembe. Nilishuka nikiwa mweusi kuliko sufuria. Na Jumamosi iliyofuata, Kaka, maji yalikuwemo.

Hapo nilipandwa na hasira mpaka nikakosa adabu. Nilimwambia Kiraka wazi kwamba huenda yeye ndiye anayeyatia, maana kila Jumamosi hapa kwetu anakula akashiba na kufungiwa cha kwenda nacho. Mtu mzima yule akaweka spana chini, akafuta mikono, akaanza kukusanya vyombo vyake. Aliyemzuia ni Mama. Alimfuata mpaka getini na magoti yake hayo, akamsihi, akamshika mkono, akamwambia mimi nimechoka na sijui ninachosema. Akamrudisha. Nami nikaambiwa mbele yake niombe radhi, nikaomba, kama nilipokuwa darasa la pili.

Jioni ile nilikuwa jikoni kwa Mama nahamisha mafuta ya kula kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa. Unaikumbuka ile faneli yake nyeupe? Ile ambayo hata Baba hakuthubutu kuitumia kwa mafuta ya taa, na siku moja alipojaribu wakanuniana mpaka wageni wakajua? Niliichukua ilipotundikwa. Shingo yake ilikuwa na duara jeusi. Niliigusa kwa kidole, nikanusa, nikatazama kucha zangu, nikaitazama tena faneli. Sikuhitaji fundi.

Nilimfuata sebuleni nikiwa nimeishika. Nilitegemea atakana, au atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Aliitazama ile faneli, akaniambia nikaioshe kwa maji ya moto. Kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwani maji aliyokuwa akitia aliyachemsha kwanza na kuyapoza, yasije yakaliumiza gari la Baba. Kikombe kimoja tu, akasema, kile cha bati, kila Alhamisi. Anachemsha maji, Kaka! Anayapoza! Mimi nimepanda bati, nimemwita mtu mwizi wa chakula, wewe umepasua bloku ukiwa huko huko uliko, kumbe bibi mmoja anatembea uani na kikombe cha maji safi na salama.

Nilimfokea. Nitakwambia ukweli, nilimfokea mama yetu. Nilimuuliza kama anajua amenitesa kiasi gani, kama anataka injini ife, kama hataki gari liondoke aseme tu. Aliniacha nimalize. Akasema gari hata likienda leo haimpi shida, chuma ni chuma. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, kabla ya gari kuugua, mara ya mwisho nililala nyumba hii lini.  Nikahesabu miezi kwa vidole, nikaishiwa vidole.

Kisha akaanza kukuzungumzia wewe. Akasema zamani ulikuwa ukipiga simu sikukuu, ukauliza kama wote wazima, ukasema salio linaisha. Tangu oili ilipoharibika unampigia katikati ya wiki, mchana. Unamuomba atoke nje, afungue boneti, achomoe kijiti, akifute, akirudishe, akichomoe tena, akwambie. Unamsubiri kwenye laini muda wote huo anapotembea. Akasema mnazungumza mpaka sikio linapata moto. Amejifunza kusoma kile kijiti vizuri kuliko mimi, na kila unapokaribia kupiga huvaa ile kanga yake nzuri kwenda kibandani. Nilimuuliza mnazungumza nini. Akasema rangi ya oili. Nikamuuliza kama umewahi kumuuliza magoti. Akacheka, akasema magoti hayana kijiti.

Kaka, nilikaa chini. Hasira yote ikaniishia, nikabaki na faneli mkononi. Nililia, na yeye akaniuliza kama nitakula.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Gari ni zima. Tulilisafisha na Kiraka, ambaye sasa anajua yote na bado anakuja. Oili ni safi kama siku ya kwanza, taa inazimika, na jana nilimzungusha Mama mtaani akiwa amekaa mbele, mkono dirishani. Ile habari niliyokutumia, kwamba pampu ya oili imekufa, na kwamba ya gari la zamani namna hii haipatikani huku mpaka itafutwe huko uliko na kuletwa kwa mkono, ni uongo. Tuliutunga mimi na Mama mezani. Maneno ya pampu ni yangu, lakini hayo ya kuletwa kwa mkono ni ya Mama. Tulicheka sana, na hatukutegemea kama utajibu upesi vile. Ukasema umeipata na umeomba ruhusa kazini, na kwamba unakuja mwenyewe. Niliposoma, sikuweza tena kucheka.

Ningeweza kunyamaza. Ungefika, ungekasirika siku moja, yangeisha. Lakini nimeshindwa. Mama alikuomba kwa njia ya gari kwa sababu alidhani hiyo ndiyo njia iliyobaki, na mimi sitaki ufike hapa umebeba chuma, umtazame, ujue kwamba ni chuma kilichokuleta. Irudishe hiyo pampu dukani. Rafiki yako mwambie lolote. Halafu, ukiwa huna kabisa cha kukuleta huku isipokuwa yeye, uamue.

Mama hajui kwamba nimekuandikia haya. Anaamini bado unakuja na pampu, na ameniagiza nikuulize tu kama ni nzito, usije ukaumiza mgongo. Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na Kiraka naye anakusalimu, ingawa kwa mguno.

Godoro lako Mama ameshalianika juani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwalimu Gereji