Kibano Nilichomwambia Akiweke Kando

Nairobi

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Kemambo? Je, mama ameshapumzika na palizi? Mimi mwili ni mzima, ila najichukia, na nitakueleza sababu.

Marwa, mwana wa jirani yetu mzee Nyamhanga, ndiye aliyekuletea barua hii. Umeuona mkono wake. Vidole viwili vimebaki huku karakanani.

Kazi yetu ni kutoboa vipande vya chuma kwa mashine. Kila kipande hubanwa mezani kwa kibano chenye mkono. Ukiusukuma mkono ule chini, viungo vyake vinanyooka, vinapita katikati kidogo, kisha vinajifunga. Kadiri chuma kinavyotaka kuinuka, ndivyo kibano kinavyozidi kukaza, kama lile gogo la lango la zizi letu ambalo ng'ombe akilisukuma kwa ndani linazidi kukaa. Hakiachii mpaka wewe mwenyewe uinue mkono wake. Ni kitu cha akili sana.

Lakini kufunga na kufungua kunachukua muda, na bwana msimamizi anataka vipande vingi. Mimi ndiye niliyekuwa nyapara wa meza ile. Akaniambia, "Watu wa kwenu wanashika fahali kwa mikono. Vibano vya nini?" Nilicheka, baba. Nilijiona nimesifiwa. Kumbe mjinga akisifiwa hulemewa na sifa.

Nikaenda kwa Marwa nikamwambia, "Wewe mura, kwenu umeshika fahali, leo unaogopa kibati?" Akakiweka kibano kando, akashika kibati kwa mkono. Keekee, ile ncha ya kutobolea, ilipotokea upande wa pili ilinasa, kibati kikazunguka na kumkata vidole. Maneno yangu yale nikiyakumbuka mdomo unajaa mate, natamani kuyatema na hayatoki.

Msimamizi hakumtazama hata usoni. Alileta karatasi inayosema Marwa alikataa kibano mwenyewe, akanitaka nitie sahihi. Sijaona uchafu kama ule. Nilikataa, naye akanivua unyapara siku ileile. Sioni fahari yoyote katika kukataa huko, maana vidole vilikuwa vimeshakatika.

Sasa sikiliza, baba. Mimi na Marwa tulitahiriwa siku moja, na yeye hawezi kumtaja mwenzake wa rika kwa ubaya. Ameniapia kwamba atamwambia baba yake ni uzembe wake. Mzee Nyamhanga atamdharau mwanawe bure, na mimi nikirudi atanichinjia mbuzi.

Msalimie mama, na Bhoke mke wangu, na dada Robhi anayemsaidia shambani. Katekista anayekusomea nampa shukrani, na ninamwomba kazi moja zaidi. Mwiteni mzee Nyamhanga, Marwa naye akae hapohapo, katekista aisome tena yote tangu mwanzo, kwa sauti.

Marwa hajui kusoma, hajui amebeba nini. Atasimama aseme mimi ni mwongo. Msimsikilize.

Ni mimi mwanao,
Mwita