Simenti ya Chumba Kimoja

Kitale, 4 Machi 1951

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya mlima. Mimi mzima, ila mikono imejaa vibanzi vya mbao. Je, goti lako limeacha kuuma? Na mke wangu Nasimiyu anaendeleaje na ujauzito?

Baba, nina hofu. Nilimweleza dresa anayetutibu zahanatini jinsi Nasimiyu alivyopoteza mimba mwaka jana, kwa ile homa iliyokuwa ikimwacha na kumrudia. Akasema ni papasi. Wanajificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, na mtu akilala wanatoka kumnyonya damu. Akasema mjamzito akishikwa tena na homa hiyo, mtoto huwa haponi.

Nilitaka kuleta mabaki ya mbao kutoka kiwandani ninakofanya kazi, ambayo ni kama bure. Dresa akanicheka, ati katikati ya ubao na ubao papasi watajenga mji. Basi ni simenti. Pesa nilizokuwa nikiweka za kununua baiskeli zimetosha mifuko mitatu, na mifuko mitatu ni chumba kimoja tu. Nimeituma kwa lori la mahindi. Wewe ndiwe fundi uliyejenga shule ya misheni, kwa hiyo sitafuti mwingine.

Mwanao,
Jotham

Bungoma, 20 Machi 1951

Kwa mwanangu Jotham,

Nimekusalimu sana. Goti langu bado lina kiburi, lakini linanibeba. Nasimiyu hajambo. Kila Jumamosi anapaka samadi sakafu ya chumbani, tumbo likiwa mbele yake.

Ati papasi! Wewe ulizaliwa juu ya samadi hiyo hiyo na ukanenepa. Hata hivyo simenti nimeimwaga, na imetulia vizuri mno. Dinah wa jirani alivua viatu mlangoni akiogopa kuichafua. Sebule yako sasa ni kama ya chifu. Mgeni akija atajua amefika kwa watu.

Baba yako,
Wakhungu

Kitale, 2 Aprili 1951

Kwa Baba,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi yako nimeisoma mara mbili, nikidhani nimekosea.

Sebule, Baba? Papasi wako chumbani, pale anapolala. Sikuandika neno hilo kwa sababu nilidhani halina haja. Sasa pesa zimekwisha, na bwana wa kiwanda hanipi ruhusa kabla ya Juni. Nikiondoka, kazi imekwenda.

Simenti haihamishwi, lakini mkeka unahamishwa. Tafadhali Nasimiyu alale sebuleni kuanzia leo. Naogopa, Baba.

Mwanao,
Jotham

Bungoma, 15 Aprili 1951

Kwa mwanangu Jotham,

Tunamshukuru Mungu, mvua imenyesha na tumepanda. Usinigombeze kama mtoto.

Ulitaka niingie na mwiko chumba cha mke wako? Wajua kwetu baba mkwe hapiti mlango ule. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini hilo halikunifuta Ubukusu. Niliona aibu kukuandikia, nikajificha nyuma ya habari za wageni.

Nilimtuma Dinah amwambie ahamie sebuleni. Nasimiyu akakataa. Alisema Baba anakula pale na kusali pale, yeye atalalaje mahali pa baba mkwe? Kusema kweli nilimsifu moyoni, amelelewa vizuri.

Jana alikuwa na baridi kidogo. Labda ni mvua tu.

Baba yako,
Wakhungu

Kitale, 22 Aprili 1951

Baba,

Leo salamu ni fupi. Baridi gani? Kama alitetemeka, hiyo ndiyo homa yenyewe. Mpeleke hospitali, mambo ya aibu tutayamaliza baadaye. Nijibu upesi, hata kwa neno moja.

Mwanao,
Jotham

Bungoma, 19 Mei 1951

Kwa mwanangu Jotham,

Sijui nikusalimu vipi. Nasimiyu yuko hai, hilo nalitanguliza. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Siku barua yako ilipofika, Dinah alikuwa amekwenda matangani. Nilisimama sebuleni nikamwita Nasimiyu, pazia likiwa kati yetu. Akajibu, "Niko salama, Baba," na meno yake yanagongana. Hata hapo aliniheshimu. Nami nikamheshimu, nikatoka kutafuta mwanamke wa kuingia kumtazama. Wote walikuwa mashambani wakipalilia. Nilizunguka na goti hili mpaka jua likapinda, na niliporudi nikamwita, hakujibu. Ndipo nikaingia. Nikambeba mwenyewe hadi barabarani, lori likatuchukua.

Wazee watanitoza kondoo kwa kupita mlango ule. Nitatoa.

Sasa analala sebuleni. Nimetoa kiti changu nje, nakula kando ya ukuta na kusali kando ya ukuta. Ilikuwa kazi ya kuhamisha kiti tu, Jotham. Kiti kimoja, na mimi sikukifikiria.

Amechomwa sindano, lakini wanasema homa hii yaweza kurudi. Kila asubuhi namuuliza dirishani kama ana baridi. Ananijibu kwamba yuko salama, na mimi sijui kama ni salama au ni heshima tu. Njoo, hata kazi ikipotea.

Baba yako,
Wakhungu