Mwito wa Kwanza Hauitikiwi

Kasongo, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mjomba Hippolyte,

Salamu nyingi zikufikie hapo Liège, wewe na Mama Grâce na watoto. Goti lako linaendeleaje? Ile picha uliyotuma, umevaa makoti mawili moja juu ya lingine, imezunguka nyumba nzima. Nyanya anasema mwanawe amegeuka gunia la muhogo. Mimi sikucheka, alicheka yeye.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimekatika, karanga tumekwisha kung'oa, na Mama mdogo Jeannette ametuletea mpunga kutoka Wamaza kwa pikipiki. Nyanya macho yanamsumbua, lakini masikio yake bado makali kuliko sisi sote.

Ningeweza kukutumia mesaji kwa simu. Nimechagua karatasi makusudi, na jirani yetu Christophe ataibeba mpaka posta ya Kindu. Mesaji wewe huijibu kabla hujafika katikati, nakujua. Hii nataka uisome yote kwanza.

Uliniuliza masomo yangu yamefikia wapi. Bado nafundisha biolojia hapa shuleni, na bado nataka kwenda kusomea wale samaki wa Nyangwe wenye mdomo mrefu kama mkonga, wanaotoa umeme mdogo ndani ya maji. Kumbe kupeleka maombi chuoni peke yake hakutoshi. Kwanza umpate profesa atakayekubali kukusimamia. Bila yeye, karatasi zako hakuna wa kuzitetea.

Basi niliandika barua pepe kwa maprofesa, Mjomba, na niliandika kwa adabu zote. Niliwauliza hali, nikawauliza watoto, nikawaeleza mvua ya huku, nikawatakia baraka. Haja yangu sikuitaja. Nani anafika kwa watu asiowajua akaomba kabla hajapewa kiti? Nilisema nitaitaja katika barua ya pili, wakishanijibu. Hakuna aliyejibu. Nilikuwa naikalia simu yangu matanga.

Clémentine, mwenzangu anayefundisha fizikia, alisoma barua zile akacheka mpaka akashika meza. "We Chimène, unamusalimia profesa sawa vile unasalimia mukwe! Ule mutu iko na kazi mingi. Sema kile unataka mu mustari ya kwanza. Muonyeshe ulisoma kazi yake. Akinyamaza, ungoje kidogo, umuite tena."

Nikamwambia kumbe maprofesa nao wamelelewa na Nyanya. Maana unakumbuka alivyotufunza, na fimbo juu: ukisikia jina lako linaitwa kutoka majini au porini, na mtu humuoni, usiitike. Kisicho mtu huita mara moja tu. Mtu mwenye damu ataita tena, na hapo uitike.

Nikaandika upya, kwa ufupi. Nikamchagua Profesa Marguerite, yuko huko huko Ubelgiji, ndiye anayewajua samaki hawa. Nikamuuliza swali moja juu ya kazi yake na nikamtumia sauti nilizonasa Nyangwe. Chombo changu ni redio ya zamani niliyoitoa matumbo: nyaya mbili zinaingia majini, na umeme wa samaki unatoka kama kugonga, tak, tak, tak. Chombo hicho hakina sikio la sauti ya mtu. Hata ukipiga kelele juu yake, hakikusikii. Hilo likae kichwani mwako unaposoma yanayofuata.

Barua ya kwanza alinyamaza. Ya pili akajibu. Nilicheza ndani ya chumba cha walimu mbele ya mkuu wa shule! Alisema ana nafasi ya mwanafunzi mmoja, na kwamba kugonga kule ni kuzuri ajabu. Halafu akauliza: mwishoni, samaki wanaponyamaza, ni nani yule anayesema "Kadogo"? Na sauti yake imeingiaje? Alitaka nirudi mahali pale pale, ninase tena, nimtumie, ndipo aamue.

Mjomba, Kadogo ni jina langu la nyumbani. Shuleni hawalijui. Siku ile mtumbwini nilikuwa na Byamungu mwenye mtumbwi, naye huniita madame. Nilivaa vile vya kusikilizia masikioni nikasikiliza mpaka mwisho.

Ni Hervé, kaka yangu. Ni sauti yake, na lile swali lililomo ndani yake, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta nyumba haina taa. Hervé ambaye mtumbwi wake ulionekana pale Nyangwe unazunguka peke yake, naye hatukumpata, tukazika shina la mgomba lililovikwa shati lake. Wewe ndiwe uliyetuma nauli ya padri. Niliogopa, na katikati ya woga nilifurahi, nakuambia kweli. Kwa miaka hii yote hakuna aliyeniita vile.

Clémentine hakucheka tena. Alisema tu: "Kata kile kipande. Muambie redio ilishika simu ya mutu. Chance inakuja mara moja, Chimène." Nilikaribia kukata, kidole kilikuwa tayari. Nafasi ile naitaka kuliko kitu chochote. Lakini Profesa ndiye mtu nitakayemletea kila ninachokiona kwa miaka, na njia ya mwongo ni fupi. Nikaacha.

Tulirudi Nyangwe mchana mweupe, jua utosini, kwenye yale mawe ambako samaki hujificha. Nilitumbukiza nyaya. Wakaanza kugonga, wengi, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Nilikaa nikingoja jina langu. Nilikuwa nimekwisha kuamua, Mjomba: huu ungekuwa mwito wa pili, na ningeitika.

Wote wakanyamaza kwa pamoja. Mto wenyewe ulikuwa unakwenda, niliuona ukienda, lakini hata maji ubavuni mwa mtumbwi sikuyasikia. Byamungu alitoa kafi majini akaliweka magotini. "Madame," akasema polepole, "mi niko mutu ya Bukavu, ile mambo yenu siijue. Lakini tutoke hapa."

Ndipo ikaja, ndani ya masikio yangu. Haikusema Kadogo. Ilisema: "Hippolyte."

Hivyo hivyo, bila Mjomba. Katika wapwa wako wote ni Hervé tu aliyethubutu kukuita jina tupu, na wewe ulikuwa unamtupia kandambili huku unacheka. Nilimrudishia sauti Byamungu asikilize. Hakuuliza Hippolyte ni nani. Alishika kafi, akalipiga mpaka ufukweni bila kugeuka nyuma.

Nilimtumia Profesa yote, sikukata hata punje. Nikamwandikia na mgomba, na shati, na fimbo ya Nyanya. Nikajua nafasi imekwenda, maana nani atampokea mwanafunzi wa namna hii? Akajibu safari hii siku ile ile. Alisema amekipima kila kitu na hajui ni nini. Alisema wengi humtumia wanachotaka asikie, na yeye anamtafuta anayemtumia kilichosikika. Amenikubali, Mjomba! Nitaanza mwezi wa tisa. Mama analia na kuimba tangu jana.

Chini kabisa ameuliza: Hippolyte ni nani? Sijamjibu.

Nyanya sijamwambia. Lakini jana, nikiwa nimekaa kimya tu jikoni, alisema huku anachambua mpunga: "Mutoto akipotea mu maji, ataita wale walimupenda, mumoja mumoja." Nilimuuliza kwa nini anasema hivyo. Akanijibu mpunga huu una mawe mengi.

Katika barua yako ya Pasaka uliandika kwamba dirisha lako linatazama mto, na kwamba kila asubuhi unatembea kando yake kwa ajili ya goti. Nakuomba, tembea barabara nyingine. Ukisikia jina lako kutoka upande wa maji, jina tupu, hata kama moyo utakuruka kama ulivyoniruka mimi, endelea kwenda.

Nyanya, Mama na Mama mdogo Jeannette wanakusalimu. Clémentine anayasalimu makoti yako. Mbusu binti yako Emmanuella kwa niaba yangu, na Mama Grâce umwambie nitahitaji kufundishwa hayo makoti. Mungu akuzungushie ukuta, nchi kavu na majini.

Na jambo la mwisho. Barua zangu zote nimezifunga kwa kukuomba unijibu haraka. Hii usiijibu. Jina lako nimelibeba mimi kutoka Nyangwe mpaka kwenye karatasi hii, na nikiisoma tena siwezi kuapa kwamba anayekuita humu ni mimi peke yangu. Nitakuandikia mara ya pili. Hapo uitike.

Mpwa wako akupendaye, mwenye damu,
Chimène