Gamba la Kumi na Mbili

Jumamosi, 12 Agosti 1995

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Zilikuwa zimebaki kurasa tisa. Kurasa tisa tu nimalize kitabu cha kumi na mbili cha mazimwi na majini! Kwa kila kitabu Mwalimu Njeru hubandika gamba la karatasi lenye jina la msomaji kwenye joka alilochora ukutani mwa maktaba. Wa kwanza kufikisha magamba kumi na mawili anapewa kamusi. Mimi na Wawira tulikuwa na kumi na moja kila mmoja.

Asubuhi nilikiacha kwenye kigoda nikaenda kuchota maji. Niliporudi, Mama alikuwa akikichana na kukisukuma motoni, chini ya sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya mchana.

"Nyumba hii imeokoka," alisema. "Majini hayalali hapa."

Sikulia. Saa sita nikaila githeri. Ilikuwa imeiva vizuri.

Maktabani nilimwambia Wawira, aliyekisoma kabla yangu, kuwa kitabu kimeungua, nikamwomba aninong'onezee mwisho wake. Akapaza sauti wote wasikie. "Si uulize moto, Muthoni? Ndio uliomaliza kukisoma!"

Hata Mwalimu alicheka. Kisha akabandua magamba yangu yote, moja moja, maana anayeharibu kitabu hutolewa shindanoni. Sikusema ni Mama.

Kamusi ndiyo basi tena. Lakini yule msichana wa kitabuni nilimwacha mlangoni mwa pango, na zimwi ndio kwanza linaamka. Nimemwandikia Wawira kikaratasi. Nitampa kesho kanisani, na ninataka anijibu papo hapo: alitoka?