Mke Wangu Amenifungia Nje Mara Tisa

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimefika mahali sijui nicheke au nifunge virago. Mimi ni fundi bomba, miaka arobaini na sita, nilianza kwa kuwabebea wenzangu spana na leo nina karakana yangu na mafundi watatu chini yangu, sikurithi hata msumari. Mke wangu ni muuguzi, na kila Jumamosi mchana akitoka zamu anakaa na mdogo wake mbele ya runinga wanacheza gemu moja ya kutisha, ya chombo cha anga kilichoharibika huko mbali kwenye nyota, kuna dude linatambaa humo na kula watu, na kila hatua gemu inauliza umtume nani, umwache nani, na ukishachagua umechagua, hakuna kurudi nyuma. Sasa gemu inakuruhusu kuwapa majina wale watu wa chomboni, na yeye amewapa majina ya kwetu: yeye nahodha, mama yake daktari, mdogo wake rubani, mwenye duka la hapo chini mlinzi, na mimi fundi wa mitambo.

Inafika mahali hewa inavuja, lazima mmoja atoke akazibe, na akishatoka mlango wa chuma unafungwa nyuma yake, na dude liko huko huko. Shangazi, wamecheza mara kumi na moja, nimetolewa mimi mara tisa! Hizo mbili nilizopona, moja umeme ulikatika, ya pili paka alikanyaga rimoti ya gemu. Mama mkwe hajawahi kufa. Hata mwenye duka, mtu wa kutuuzia mayai tu, amekufa mara moja, na ni ile ya paka.

Gemu inampa sekunde ishirini za kuamua. Nimempima kwa saa ya simu: kunituma mimi anatumia sekunde nne. Siku alipotakiwa kuchagua kati ya mwenye duka na mtungi wa oksijeni alifikiria sekunde kumi na saba.

Nikamuuliza, "Mama watoto, hata kusita hukusita?" Akanijibu macho yake yakiwa kwenye runinga, "Baba watoto, wewe ndiye unayejua mabomba. Nikimtuma mama si tutakufa wote?" Mdogo wake akadakia, "Shemeji usinune, umekufa kishujaa!" Wakacheka mpaka machozi, mimi nikaenda jikoni kukaza koki ambayo haikuwa imelegea.

Hayo ningeyameza, lakini amepata uhamisho, anakwenda kusimamia wodi mji mwingine kwa miaka miwili, na Ijumaa lazima aandike kama anakwenda peke yake au na familia, ili apangiwe nyumba. Ameniomba twende wote. Ameniomba mara tatu, na mara tatu nimemjibu "tutaona." Mtu anayenifungia nje kwa sekunde nne, huko ugenini ambako hakuna anayejua namba yangu, ambako nitaanza tena kupiga hodi mlango kwa mlango kama mwanafunzi wa ufundi, si ndiyo ataniacha kabisa? Niende au nibaki?

Fundi Aliye Nje

*

Fundi, pole.

Kwa paka nimecheka, nisamehe. Kwa zile sekunde nne sikucheka. Kuwa mtu wa kutumwa kila siku kunauma, na kunauma zaidi wanaokutuma wakicheka.

Lakini hebu tuulizane. Bomba likipasuka kwa mama mkwe, anakwenda nani? Choo kikiziba kwa mwenye duka, anaitwa nani? Na ukiitwa unasemaje? Nakujua bila kukuona: "Niachieni mimi." Miaka yote umewazoesha kwamba huogopi, huchoki, hulowi. Leo wamekuamini, unanuna! Mkeo alimtuma mtu ambaye hajawahi kumwona akishindwa. Kosa lake ni kutouliza kama umechoka. Kosa lako ni kutosema.

Na dude lako wewe haliko chomboni, umelificha mwishoni mwa barua: kuanza upya kwa umri huo. Hiyo hofu ni ya haki. Aliyejijenga kwa mikono yake anajua tofali lilivyo zito. Ila usimfungulie mkeo kesi ya huko kwenye nyota ili tu usitamke neno "naogopa."

Wewe mtu wa hesabu, umehesabu mara tisa za kwenye runinga ukaziruka tatu za sebuleni. Kule analazimishwa kuchagua. Huku angeweza kuandika "peke yangu" tangu siku ya kwanza, na nani angemlaumu? Amekuja kwako mara tatu, ukampa "tutaona." Sasa hapo anayemfungia mwenzake mlango ni nani?

Nenda, Fundi. Lakini nenda ukiwa umesema. Ongea naye leo, usingoje Ijumaa, na shemeji asiwepo, maana huyo mdomo wake hauna koki. Mwambie umeumia, mwambie unaogopa, kisha nyamaza umsikie. Karakana usiifunge: mkabidhi fundi wako mkubwa, urudi kuikagua kila mwezi. Akikucheka tena, niandikie, nitamgombeza mimi mwenyewe. Asipocheka, aijaze ile fomu wewe ukiwa umeketi pembeni yake, aandike "na familia."

Halafu Jumatatu tafuta fundi bomba mmoja wa mji huo, mpigie, mwambie unakuja. Mji wenye mtu mmoja anayekungoja si ugenini tena.