Hodi Kutoka Sandukuni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi (hujulikana kama Mama Sindano)
Umri: miaka 52
Kazi: mshonaji wa mavazi ya jukwaani na ya filamu
Makazi: ghorofa ya pili, nyuma ya soko la vitambaa

Nimeonywa kusema kweli, nami nitaisema, ingawa naogopa na afande amenipa maji mara mbili. Ukiniona nageuka kutazama mlango, afande, nivumilie.

Mimi ndiye niliyeshona mavazi yote ya filamu ya Chiriku, yule mwimbaji ambaye nyimbo zake zinapigwa kila saluni. Safari hii hakutaka kuimba tu. Alitunga hadithi ya mapenzi ya enzi za wafalme, mke wa waziri anampenda mchonga mbao, na akaiongoza mwenyewe. Mchonga mbao aliigizwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu, tuliyemwita Twiga kwa urefu wake. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, na furaha ya siku ile naijutia mpaka leo.

Chiriku alikuwa na namna yake ya kuongoza. Waongozaji wengine husema "kata" ili kamera isimame. Yeye hakusema neno. Alifungulia wimbo wake kwenye spika, na tukio likaendelea mpaka wimbo uishe. Wimbo ukipigwa, hakuna kusogea, hakuna kukohoa, hata paa lianguke. Aliwahi kumfukuza fundi wa taa kwa kupiga chafya. Siku ile tulicheka, lakini tulishika adabu.

Twiga ana pumu. Andika alikuwa nayo, afande. Vazi lake lilikuwa joho refu, nikamshonea mfuko mdogo kwa ndani, chini ya kwapa, wa kuwekea dawa yake ya kupuliza. Mnamo tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne asubuhi, Chiriku aliuona mfuko huo kwenye skrini umetuna. Akasema watu wa enzi zile hawakutembea na mifuko kwapani, niufumue. Nikamweleza sababu. Hakufoka. Alinishika bega akaniambia, "Mama, ni wimbo mmoja tu." Nikaufumua. Dawa nikaitia kwenye mfuko wa aproni yangu, na Twiga akanitania kwamba nisije nikaivuta mimi ikaisha.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Waziri anarudi nyumbani ghafla, mke anamficha mpenzi wake ndani ya sanduku la nguo, na waziri anakaa juu ya sanduku hilo avue viatu. Sanduku lilikuwa limepakwa vanishi asubuhi hiyo hiyo ili ling'ae. Harufu ilitukaba hata sisi tuliosimama dirishani. Twiga alijikunja humo, magoti yakagusa kidevu. Mimi ndiye niliyeingiza pindo la joho lake na kushusha kifuniko. Aliyeigiza waziri, mtu wa kilo zake, akaja akakaa. Wimbo ukaanza.

Ulikuwa haujafika kiitikio nikasikia anagonga. Kwenye hadithi hakuna kugonga, maana mtu aliyejificha hajitangazi. Nilidhani amebuni chake, waigizaji ndivyo walivyo. Waziri naye alidhani hivyo, akalipiga sanduku kofi kama anayefukuza panya. Kule kugonga kukaangukia sawasawa kwenye mdundo wa ngoma. Nikamwona Chiriku anatabasamu, akampungia mtu wa sauti aongeze. Hapo ndipo nilipotambua. Mkwe wangu hakuwa anaujua mdundo, siku ya harusi yake alicheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Yule hakuwa anafuata ngoma. Alikuwa anapiga hodi afunguliwe.

Nikaishika dawa ndani ya aproni, nikapiga hatua. Msaidizi wa Chiriku akanikamata mkono, akaweka kidole mdomoni. Nikasimama. Afande, nilisimama. Kugonga kukawa kwa moja moja, kisha kukanyamaza, na wimbo ukaendelea ubeti mzima.

Ulipoisha watu walipiga makofi. Waziri akainuka, nami nikafungua kifuniko. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpulizia dawa, hakuweza kuivuta. Alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Familia iliambiwa ni moyo. Mimi kwa woga sikupinga. Meneja wa Chiriku alikuja msibani, akanivuta jikoni akaniambia, "Vazi ulishona wewe, dawa ulikuwa nayo wewe, kifuniko ulishusha wewe. Sasa fikiria polisi watamchukua nani." Tangu siku hiyo gari jeupe husimama chini ya dirisha langu. Nikienda kununua uzi linanifuata, nikirudi linarudi. Jirani akigonga mlango kuomba kiberiti, nazima taa kwanza ndipo nimuulize ni nani.

Filamu ilitoka tarehe 2 mwezi huu. Nilikwenda kuitazama nikiamini kipande kile wamekitupa. Hawakukitupa. Kipo chote, na sauti ya kugonga wameiongeza. Ukumbi mzima ulishangilia. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba huyo ndiye mwanamume, anapenda mpaka mapigo ya moyo yanasikika.

Binti yangu ameitazama mara tatu. Ana mimba ya miezi saba, na anakwenda kumwona mumewe. Jana alirudi akaniambia anapapenda zaidi pale kwenye sanduku. "Simwoni, Mama, lakini namsikia moyo wake." Niliingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Leo asubuhi redio imetangaza kwamba kuanzia kesho kumbi zote zitapelekewa nakala mpya, iliyorekebishwa sauti. Kwa hiyo wamejua kinachosikika mle. Ndiyo sababu nimekuja na woga wangu hivi hivi. Naomba nakala ya leo ichukuliwe kabla hawajaibadilisha. Dawa yake hii hapa, naikabidhi. Na kama nitafungwa nifungwe, ila binti yangu aambiwe na mimi, asiisome gazetini.

Nimesomewa yote niliyosema na ndivyo yalivyokuwa. Haya ndiyo maelezo yangu, sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika haya kama yalivyotolewa na nimeyamaliza saa saba na nusu mchana. Nimepokea kifaa kimoja cha dawa ya pumu. Shahidi ametolewa kwa mlango wa nyuma akiwa na askari wawili, kwa kuwa gari jeupe limesimama mkabala na kituo. Nimeomba kibali cha kuchukua nakala ya filamu kabla ya onyesho la jioni. Naandika pia, isije ikawa nimeficha, kwamba Jumamosi niliitazama filamu hii pamoja na mke wangu. Kwenye tukio la sanduku tulipiga makofi.