Usisahau Choki

Sapiwi, Bariadi
8 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba Mashimba,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ule ufunguo wa ghala ambao Bibi anautafuta tangu Jumanne ninao mimi, ndani ya soksi yangu ya shule. Bibi akienda kupalilia pamba, mimi naingia ghalani kufungua pikipiki ya marehemu babu.

Sasa salamu. Mwangaluka, Mjomba. Hujambo, na wote hapo Binza hawajambo? Sisi wazima, mvua imeshika vizuri, na ng'ombe wamenenepa.

Nisikufiche sababu. Nimemaliza kidato cha nne, na Baba ameshazungumza na shangazi Elizabeth nikajifunze kushona kwake kuanzia tarehe 13 Januari. Juzi tukiwa tunakula nilijikaza nikasema nataka kuwa fundi pikipiki kama wewe. Baba alicheka mpaka ugali ukamkwama. Akasema, "Kwandu, wewe hata mgeni humsalimii ukasikika, utagombana na injini? Haya! Ukiliwasha lile gofu la babu yako kabla ya tarehe hiyo, mimi mwenyewe nitakupandisha nyuma mpaka kwa mjomba wako."

Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Shida ni Bibi. Tangu babu afariki, miaka tisa sasa, amekataza mtu yeyote kuigusa. Anasema mali ya marehemu haishikwi kabla ya kuombwa. Kuendesha najua, ulinifundisha nyuma ya gereji yako ile likizo ya kidato cha tatu. Kuwasha iliyolala miaka tisa sijui.

Kwenye simu sauti yangu inapotea, na simu yenyewe ni ya Baba. Kwa hiyo barua hii anakuletea Mama Anifa wa vitenge, anayekuja mnadani huko. Nijibu kwa mkono wake.

Mpwa wako,
Kwandu

---

Binza, Maswa
12 Desemba 2024

Mpwa wangu Kwandu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha umri. Rudisha ufunguo mahali ambapo Bibi ataudhani aliusahau mwenyewe. Ukitaka kuingia tena, uombe. Fundi hafichi funguo.

Sasa kazi. Petroli ya zamani imwage yote, mbali kabisa na jiko. Tia kokoto ndogo na petroli kidogo ndani ya tangi, tikisa mpaka kutu itoke, suuza. Oili nyeusi imwage, weka mpya. Kabureta ifungue juu ya kitambaa cheupe ili usipoteze kitu. Ndani kuna tundu dogo sana. Lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, sukuma kiki polepole kwa mkono. Injini ikizunguka, mshukuru Mungu, halafu funga hii plagi mpya niliyokutumia.

Angalia panya. Ghala la pamba halikosi panya.

Na usisahau choki. Pikipiki iliyolala haiamki bila choki.

Mjomba wako,
Mashimba

---

Sapiwi
17 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku hatujambo.

Ufunguo niliurudisha chini ya mtungi, Bibi akasema uzee unamchezea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kuomba sikuweza. Mlango aliuacha wazi ili ghala lipate hewa, nikaingia.

Nimefanya yote kwa mpangilio wako. Tangi lilitoa maji ya rangi ya chai. Kwenye chujio la hewa panya alijenga nyumba ya pamba safi, ya daraja la kwanza kabisa, ambayo babu angeisifu. Injini inazunguka! Baada ya kufunga kabureta skrubu moja ndogo imebaki mkononi. Sijui ni ya wapi.

Choki ndiyo iliyonitesa. Shule zimefungwa, ikabidi niende nyumbani kwa Mwalimu Specioza. Njia nzima nilirudia sentensi moja: "Shikamoo Mwalimu, naomba choki mbili." Nilipofika nikasema, "Shikamoo choki." Alicheka lakini akanipa tatu. Hukuandika nipake wapi, kwa hiyo nilichora mstari kwenye tangi, kwenye injini na kwenye magurudumu yote mawili. Nikapiga kiki mara thelathini. Haikuwaka. Je, choki ya rangi ingefaa zaidi?

Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

Nilidhani nimekwisha. Aliizunguka pikipiki, akagusa ule mstari wa tangi kwa kidole. "Nani amekufundisha nyeupe?"

Nikasema, "Mjomba Mashimba, kwa barua."

"Kumbe Mashimba ana akili! Miaka tisa namngoja baba yako aje amwombe mzee kwa alama nyeupe kama desturi yetu, yeye anapita tu. Wewe mtoto umejua." Akamwagia gurudumu la mbele maji kidogo, akamwambia babu kwa Kisukuma kwamba mjukuu wake amekuja na amekuja vizuri. Kisha akanigeukia: "Endelea. Mbona haiwaki?"

Kwa hiyo Bibi yuko upande wetu. Injini bado.

Mpwa wako,
Kwandu

---

Binza
20 Desemba 2024

Kwandu wangu,

Salamu. Mgongo ulikuwa umepona, barua yako imeurudisha. Nimecheka mpaka wateja wamekuja kuniangalia.

Choki ya pikipiki si ya ubaoni, mwanangu. Ni kale kashikio kadogo kando ya kabureta. Ukikapandisha, hewa inapungua, petroli inazidi, injini baridi inaamka. Ikishaamka, unakashusha. Kosa ni langu, nimezoea kuandikia mafundi. Ile skrubu ni ya kurekebisha mzunguko; irudishe ubavuni mwa kabureta.

Bibi usimweleze hili. Kwanza sina hakika kwamba amekosea.

Mjomba wako

---

Sapiwi
6 Januari 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Sisi wazima kupita kiasi. Nimechelewa kuandika kwa sababu utakayoiona.

Iliwaka tarehe 27, asubuhi. Nilipandisha kashikio, nikapiga kiki. Ya saba ilikohoa. Ya nane ilitema moshi na pamba iliyobaki, kuku wakatawanyika, halafu ikanguruma yenyewe bila mimi kuigusa! Bibi alipiga vigelegele. Baba alikuja mbio kutoka shambani na jembe begani, akidhani kuna msiba.

Mama akamwambia, "Baba Kwandu, ulisemaje siku ile?"

"Nilisema nini?"

"Ulisema utampandisha nyuma," Bibi akadakia. "Mimi masikio ninayo."

Baba akatazama barabara. "Kuna matope." Kesho yake matope yalikauka, akasema goti linamuuma. Keshokutwa akasema Jumapili si siku ya safari. Nikaanza kuamini kwamba hataki niende kabisa, nikalia peke yangu kwenye zizi.

Alinikuta humo alfajiri iliyofuata. Akanitoa na pikipiki mpaka kwenye mbuga nyuma ya lambo la maji ya ng'ombe, ambako hakuna mtu. Akaikalia. Akatazama vishikio vyote viwili.

"Kwandu, hiki cha mkono wa kushoto ni cha nini?"

"Klachi, Baba."

"Najua. Nilikuwa nakupima."

Akaachia klachi, ikaruka kama ndama, ikazima. Ndipo akaniambia. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliiiba pikipiki ya babu aliyokuwa nayo zamani, akaingia nayo ndani ya lambo mbele ya kijiji kizima. Tangu siku hiyo hajawahi kushika usukani. Katazo la Bibi lilikuwa linamfaa sana.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Baba, shika tena. Achia polepole."

Sasa kila alfajiri tunasema tunapeleka ng'ombe majini. Gia ya kwanza na ya pili anaziweza. Ya tatu bado anafumba macho. Kwa shangazi Elizabeth ameshatuma ujumbe kwamba sitakwenda, na tarehe 18, Jumamosi, tutakuja kwako, yeye mbele, mimi nyuma na sanduku langu.

Ukituona tunaingia Binza usicheke, Mjomba. Mpe mkono, mwambie anaendesha vizuri. Na nani alimfundisha, hilo libaki kwako. Usimwambie Mama Anifa, wala wateja wa gereji. Mama akikupigia, sema hujui lolote.

Mpwa wako na mwanafunzi wako,
Kwandu